Karne ya Sahani Yetu Bunia

Mwaka 1903, Waaustralia wawili, Hannam na O'Brien, walikuta dhahabu kwenye mto Agola, karibu na Kilo. Wanaoandika historia ya mkoa wetu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, huanzia kwenye dhahabu hiyo. Mimi niliyefanya uuguzi hapa Bunia hadi nikastaafu naanzia kwenye sahani, kwa sababu tangu wakati ule wengine ndio walioamua tule nini na miili yetu ifanye kazi gani.

Babu mzaa mama alichimba Kilo. Kampuni ya Kilo-Moto, iliyoanzishwa mwaka 1926, ililisha wafanyakazi wake kwa posho. Samaki walivuliwa Kasenyi kwenye Ziwa Albert, wakatiwa chumvi, wakakaushwa, wakapandishwa mlima hadi migodini. Vijijini, kilimo cha lazima kilikuwa sheria ya Wabelgiji kuanzia 1917: aliyekataa kulima alichoamriwa aliadhibiwa. Babu alikula ugali mkubwa wenye mawese, na wote ukaishia shimoni, kwenye sururu na toroli. Maisha yale siyasifu. Nasema tu kwamba mwili haukubaki na cha kuweka akiba.

Mama yangu alilima. Enzi za Mobutu familia nyingi za Bunia zilikuwa na shamba nje ya mji, na shambani watu walikwenda kwa miguu, jembe begani, wakarudi na kuni kichwani. Tulikula sombe, maharage, lengalenga na viazi vitamu. Nyama ilisubiri sikukuu, na sukari ilimsubiri mgeni. Jumamosi ilikuwa salongo, watu wote wakafyeka majani na kuzibua mitaro, wapende wasipende.

Kisha ikaja vita. Ilianza katika eneo jirani la Djugu mwaka 1999, na Mei 2003 ikapiganwa ndani ya Bunia kwenyewe. Maelfu walijikusanya karibu na uwanja wa ndege, wakaishi kwa unga na mafuta ya msaada. Risasi zilipotulia mjini, mashamba hayakurudi. Tangu mwisho wa 2017 mauaji ya Djugu yamefukuza watu upya. Mwanamke aliyelima sasa anakaa sokoni kutwa nyuma ya meza ya mandazi. Kijana amenunua pikipiki akawa motari, na safari tuliyoitembea sisi, mtoto wetu anailipia. Kwenye matanga, mwenye nyumba huona aibu asipotoa soda na bia.

Katika miaka hiyo ndipo nilipoanza kuona ini lenye mafuta kwenye karatasi za ekografi. Wengi walikuwa wamekuja kwa sababu nyingine kabisa. Wakinijibu, "Mama, mimi naomba kanisani, pombe sijaigusa," nilikuwa nawaamini. Mwaka 1980 daktari Jürgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, waliandika juu ya wagonjwa wa namna hiyo hiyo: maini yao yalifanana na ya walevi, nao hawakuwa walevi. Ini hugeuza sukari na wanga wa ziada kuwa mafuta, likayahifadhi ndani yake. Kwa wengine huvimba, na miaka ikipita hujaa makovu.

Tiba yake ya kwanza ni mwenendo. Mwenye uzito wa kilo 100 akipunguza 5 polepole, mafuta ya ini huanza kushuka. Akifikisha 7 hadi 10, kwa wengi hata uvimbe hutulia. Atembee kwa haraka walau dakika 150 kwa juma. Aache soda, apunguze ugali na mawese, aongeze maharage na mboga. Bia na pombe kali ya lotoko aviache kabisa, maana ini lililoelemewa halihitaji mzigo wa pili. Kahawa ya Mahagi na Djugu, ambayo wazee wetu waliilima ili wengine wainywe, ainywe yeye sasa bila sukari: tafiti za nchi nyingi zimeona wanywaji wa kahawa hawapati makovu ya ini kwa wingi kama wengine.

Hata hivyo, haki itendeke. Kumwambia mama aliyekimbia Djugu arudie jembe na mboga, huku shamba lake liko mikononi mwa wenye silaha, ni kumlaumu kwa jambo aliloporwa. Njia salama ya kwenda shambani ni matibabu ya ini sawa na ushauri wowote nilioutoa kliniki, na wakuu wa mkoa wadaiwe njia hiyo kama wanavyodaiwa dawa. Yaliyo mikononi mwetu tusiyangojee: lengalenga nyuma ya nyumba, miguu badala ya pikipiki kwa safari fupi, maji safi na kahawa kwenye matanga. Kampuni, wakoloni na vita vilitupangia kwa miaka mia moja na zaidi. Haya machache tuyapange wenyewe.