Ugonjwa uliokuwa wa wengine

Mwaka 1971 jarida la kitabibu la Cancer, la Marekani, lilichapisha makala ya Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa amefanya kazi Uganda kwa takriban miaka 20, kwanza Lira kisha hospitali ya Mulago. Alieleza kwamba saratani ya utumbo mpana, iliyokuwa ikiua watu wengi Ulaya na Marekani, ilikuwa adimu mno katika vijiji vya Afrika. Mwaka uliotangulia, tarehe 23 Julai 1970, Sultan Qaboos alishika madaraka Oman, nchi iliyokuwa na hospitali za kuhesabika kwa vidole na barabara chache za lami. Makala ya Burkitt na tarehe hiyo ya Oman zimekuja kukutana katika wodi za saratani za Maskati, mji mkuu wa nchi hiyo.

Burkitt hakuwa peke yake. Hugh Trowell, aliyetibu wagonjwa Kenya na Uganda tangu 1929 hadi 1959, alikuwa ameshaona kwamba baadhi ya maradhi yaliyojaa katika vitabu alivyosomea Uingereza hayakuwamo katika vitanda vya Mulago. Burkitt aliandikia hospitali nyingi za misheni barani Afrika akiziuliza zinaona wagonjwa gani, kisha akashuka kwenye jambo ambalo wengi walilionea haya: kupima choo. Yeye na wenzake waliangalia chakula kinachukua muda gani kupita tumboni. Kwa wanakijiji wa Uganda ilikuwa kama siku moja na nusu. Kwa mabaharia wa kijeshi wa Uingereza na wake zao ilizidi siku tatu. Alihitimisha kwamba siri imo katika nyuzinyuzi za matoke, maharage, mtama na viazi vitamu, ambazo ni chache mno katika mkate mweupe wa kiwandani.

Hoja hiyo imepigwa msasa tangu wakati huo. Zamani Mulago haikuwa na vifaa vya kuona kila saratani, na watu wengi hawakuishi hadi umri ambao ugonjwa huu hujitokeza. Uchunguzi mmoja mkubwa wa wauguzi wa Marekani haukuona kinga ya nyuzinyuzi. Mwingine wa Ulaya, uliotangazwa mwaka 2003, uliiona. Hata hivyo kiini cha aliyoyasema Burkitt kimesimama: ugonjwa huu hufuata maisha ya watu, na maisha yakibadilika huja.

Na maisha ya Oman yalibadilika kwa kasi ambayo mataifa machache yameijua. Kabla ya 1970 tegemeo kubwa la mgonjwa wa Maskati lilikuwa hospitali ya Wamisheni wa Kimarekani mjini Matrah, alikofanya kazi Dakta Wells Thoms tangu 1939. Babake, Sharon Thoms, alikuwa daktari papo hapo na akafia huko mwaka 1913. Baada ya 1970 zikajengwa hospitali, na pamoja na Waomani waliobaki nyumbani wakaja waliorudi kutoka Unguja, Pemba, Mombasa na Dar es Salaam, wengi wao wakiwa wameyakimbia mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Walikuja na elimu na Kiingereza, wakaingia maofisini, mashuleni na mahospitalini, na Kiswahili kikawa kinasikika katika korido za wizara. Hospitali ya Royal ilifunguliwa mwaka 1987. Umri wa kuishi, uliokuwa kiasi cha miaka 50, umepanda hadi kuzidi 75.

Neema hiyo ilikuja na gari mlangoni, kazi ya kukaa kitini, nyama kila siku, soda na vyakula vya pakiti. Unene na kisukari vikaongezeka, na vyote viwili huongeza uwezekano wa saratani hii, pamoja na tumbaku, pombe na nyama za kusindikwa kama soseji, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziweka rasmi mwaka 2015 katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani. Rejesta ya saratani ya Oman ilianza mwaka 1985 kwa kukusanya habari za hospitali, na mwaka 1996 ikapanuliwa kuwa ya nchi nzima. Leo saratani ya utumbo mpana ni miongoni mwa zinazoongoza, kwa wanaume na kwa wanawake.

Kinachowasumbua madaktari wa Maskati ni umri. Wagonjwa wao wengi wako katika miaka ya 50, na wamo wasiofika 40, ilhali katika nchi za Magharibi wengi wameshapita 65. Kwa sehemu ni kwa sababu watu wengi wa taifa lenyewe ni vijana. Lakini hata Marekani vijana wameanza kuugua zaidi: mwigizaji Chadwick Boseman alifariki mwaka 2020 akiwa na miaka 43, na mwaka uliofuata jopo la wataalamu wa nchi hiyo likashusha umri wa kuanza kupimwa kutoka 50 hadi 45.

Huzuni ya ugonjwa huu ni kwamba hutoa nafasi ndefu ya kuuzuia. Aghalabu huanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, ambacho huchukua miaka, mara nyingi kumi au zaidi, kabla ya kugeuka saratani. Mwaka 1969, mjini New York, William Wolff na Hiromi Shinya walianza kukikata kinyama hicho kwa kitanzi cha waya kilichopitishwa ndani ya mpira mrefu wenye taa, bila kumpasua mtu tumbo. Hicho ndicho kipimo cha kolonoskopi. Kuna pia njia nyepesi: kupima choo kama kina damu isiyoonekana kwa macho. Mwaka 1993 utafiti wa Minnesota, uliohusisha watu zaidi ya 46,000, ulionyesha kwamba kupima choo kila mwaka kulipunguza vifo kwa theluthi moja.

Mwaka 2006 vituo vya afya vya Oman vilianza kuwapima watu wa miaka 40 na kuendelea kisukari, shinikizo la damu na figo. Utumbo mpana haukuwamo katika mpango huo, na hilo ni pengo lililogharimu. Gharama nyingine huletwa na kuona haya. Mtu huona damu chooni akasema ni bawasiri, akanunua dawa ya kupaka, mwaka ukapita. Huenda kweli ni bawasiri, ila hakuna ajuaye mpaka aangaliwe. Vivyo hivyo kwa choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa bila sababu, au mwanamume anayeambiwa ana upungufu wa damu.

Cuthbert Dukes wa hospitali ya St Mark's, London, alionyesha mwaka 1932 kwamba hatima ya mgonjwa inategemea uvimbe umefika wapi: ukiwa bado ndani ya ukuta wa utumbo, upasuaji pekee huponya wengi, ukishafika kwenye tezi, kazi huwa ngumu. Mgonjwa wa Oman aliyehitaji mionzi alilazimika kusafiri nje mpaka kituo cha taifa cha saratani kilipofunguliwa Royal mwaka 2004. Wapo wanaoukataa upasuaji kwa kuogopa mfuko wa choo ubavuni na kuhofia swala zao. Wanazuoni wameshalijibu hilo: mwenye mfuko ni mwenye udhuru, hutawadha kwa kila swala na swala yake ni sahihi. Kwa wagonjwa wengi mfuko wenyewe huwa ni wa miezi tu.

Daktari wa Maskati huuliza pia nani katika ukoo aliwahi kuugua. Henry Lynch wa Marekani alieleza mwaka 1966 koo ambazo saratani hii hurithiwa na kuwapata watu mapema. Kwa familia za Kizanzibari jibu huwa limetawanyika: ami alifia Unguja, shangazi yuko Mombasa, binamu katibiwa Uingereza. Aliyekuwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua hushauriwa kuanza kolonoskopi akiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri ambao jamaa huyo aligunduliwa, ipi itakayotangulia. Ndugu akigunduliwa ana miaka 42, wenzake waanze wakiwa na 32.