Machimbo ya Bamburi: Jinsi Shimo la Mawe Lilivyogeuzwa Makao ya Wanyamapori

Kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, katika eneo la Bamburi, ipo hifadhi ya Haller Park. Misitu na mabwawa yake yamo ndani ya machimbo ya zamani, ambako mawe ya matumbawe yalianza kuchimbwa mwaka 1954 kwa ajili ya kutengeneza saruji.

Hali ya awali

Uchimbaji uliondoa udongo wote na kuacha sakafu ya mawe meupe, yenye joto kali na iliyokaribia maji ya chini ya ardhi yenye chumvi. Mwaka 1971, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kazi ya kuirejesha ardhi hiyo. Miche ya aina 26 za miti ilijaribiwa; ni aina tatu tu zilizostahimili, ukiwemo mvinje.

Hatua za urejeshaji

Mvinje hustahimili chumvi, na mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyoupatia nitrojeni kutoka hewani. Hata hivyo, majani yake makavu yalirundikana bila kuoza. Jongoo waliletwa kuyala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa rutuba. Udongo ulipoanza kujengeka, mimea mingine ilipandwa. Mabwawa yalitumika kufugia samaki, nao ndege wa majini, mamba na viboko wakapata makao.

Wananchi walianza kuzuru eneo hilo mwaka 1984. Kiboko mchanga, Owen, aliyeokolewa baharini karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, alipelekwa huko, akajulikana duniani kwa urafiki wake na kobe mzee aitwaye Mzee.

Wajibu wa kisheria

Machimbo yanayoachwa wazi hujaa maji ya mvua, yakahatarisha maisha ya watoto na mifugo na kuwa mazalio ya mbu. Kwa sababu hiyo, Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inaweka masharti ya kurejesha ardhi iliyochimbwa, pamoja na dhamana ya fedha kwa ajili ya ulinzi wa mazingira.

Nafasi ya mwananchi

Mwananchi anaweza kuwasilisha maoni kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) wakati ripoti ya tathmini ya athari za mradi inapojadiliwa. Huo ndio wakati mwafaka wa kuuliza shimo litafanywa nini uchimbaji utakapokwisha. Aidha, Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki ya mazingira safi inapokiukwa, bila kulazimika kuthibitisha kuwa yeye binafsi amepata hasara.

Bamburi inathibitisha kuwa urejeshaji unawezekana. Inaonyesha pia kuwa ni kazi ya miaka mingi, inayopasa kupangwa kabla jiwe la kwanza halijang'olewa.