Nywele kama ushahidi wa jinai

Nywele kama ushahidi wa jinai ni nywele zinazokusanywa mahali pa tukio, kwenye nguo au mwilini, na kuchunguzwa ili kusaidia kumtambua mhalifu au mhanga.

Unywele uliong'oka pamoja na mzizi wake unaweza kutoa vinasaba (DNA) vya kiini cha seli, vinavyomtofautisha mtu na wengine isipokuwa pacha wake wa kufanana. Usio na mzizi kwa kawaida hutoa DNA ya mitokondria tu, ambayo watoto wa mama mmoja huwa nayo sawa.

Kulinganisha nywele kwa hadubini pekee hakutoshi. Mwaka 2015 FBI ya Marekani ilikiri kwamba wataalamu wake walitoa maelezo yenye makosa katika angalau asilimia 90 ya kumbukumbu za kesi zilizopitiwa.

Nchini Tanzania vipimo vya DNA vinaongozwa na sheria ya mwaka 2009, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza, hivyo sampuli kutoka wilaya za mbali kama Biharamulo na Ngara zinahitaji kufungwa vizuri katika karatasi kavu na kuandikiwa kila aliyezipokea, ili mahakama iziamini.