Riwaya za safari na mikasa kwa vijana

Riwaya za safari na mikasa kwa vijana ni hadithi ndefu za kubuni ambazo mhusika wake mkuu, kwa kawaida kijana wa rika la msomaji, anaondoka nyumbani na kupita porini, milimani, mtoni au baharini akitafuta kitu au akikimbia hatari. Walimu na wakutubi huzitumia pia kuwavuta vijana wanaojua kusoma lakini hawapendi vitabu.

Sifa zake

Riwaya ya aina hii huwa na lengo moja linaloeleweka mapema: kumpata aliyepotea, kurudisha kilichoibwa au kufika mahali kabla ya adui. Sura huwa fupi, na nyingi huishia pale ambapo msomaji anataka kujua kitakachofuata. Mandhari si pambo. Mvua, ukungu, njaa na mto uliofurika ndivyo vinavyomzuia mhusika, naye hulazimika kuamua mwenyewe bila mzazi wala mwalimu karibu.

Msomaji asiyependa vitabu

Kijana anaweza kuchukia kusoma kwa sababu nyingi, na uvivu ni moja tu kati ya hizo. Nchini Tanzania wanafunzi wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha huingia sekondari ambako masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza. Mwenye msamiati mdogo husoma polepole, hupoteza mtiririko wa kisa na mwishowe hukiweka kitabu kando. Vitabu vilivyo rahisi kwa lugha mara nyingi vimeandikiwa watoto wadogo, na kijana wa miaka 15 huona aibu kuonekana navyo. Riwaya ya safari huweza kuziba pengo hilo, kwa kuwa lugha yake inaweza kuwa nyepesi ilhali mambo yake ni ya watu wazima: kifo, woga, usaliti na urafiki.

Historia katika Kiswahili

Masimulizi ya safari ni ya zamani katika Kiswahili. Mwaka 1901 Carl Velten, Mjerumani, alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa habari za safari zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1920 zilitoka tafsiri za riwaya za Kiingereza, zikiwamo Mashimo ya Mfalme Sulemani ya H. Rider Haggard na Kisiwa Chenye Hazina ya Robert Louis Stevenson. Tafsiri hizo zilisomwa shuleni, lakini mashujaa wake walikuwa Wazungu. Katika kitabu cha Haggard, Afrika ni nchi ya kupitia, na wenyeji wake husimuliwa na mgeni.

Hatua muhimu ilikuwa Marimba ya Majaliwa ya Edwin Semzaba, iliyotolewa mwaka 2008 baada ya kushinda shindano la uandishi lililodhaminiwa na Sweden. Kijana Majaliwa anazunguka Tanzania akisaka marimba. Mfano wake ulikuwa kitabu cha Selma Lagerlöf kuhusu Nils Holgersson (1906–1907), mvulana anayeiona Sweden akiwa mgongoni mwa bata bukini. Lagerlöf alikiandika kwa ombi la chama cha walimu wa nchi yake, ili watoto wajifunze jiografia kwa kusoma hadithi.

Riwaya ya Takadini ya Ben Hanson, iliyosomwa kwa miaka mingi katika sekondari za Tanzania, nayo ina safari ya hatari: Sekai anatoroka kijijini kwao ili mwanawe mchanga mwenye ualbino asiuawe.

Kwa upande wa Kiingereza, Tuzo ya Burt ilianza nchini mwaka 2008 chini ya Mradi wa Vitabu vya Watoto. Ililenga riwaya za vijana zilizoandikwa na Watanzania.

Uluguru kama mandhari

Mkoa wa Morogoro unaonyesha jinsi mahali halisi panavyoweza kubeba kisa. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 500, na kilele cha Lupanga kilicho juu yake kinapita mita 2,100. Kijana anayepanda kutoka mjini hupita mashamba ya mteremkoni, kisha huingia msitu wa ukungu ambamo njia hupotea kwa urahisi.

Historia nayo ipo. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita Simbamwene, mji wenye ukuta ulioanzishwa na Kisabengo na uliokuwa ukitawaliwa na binti yake. Aliporudi mwaka 1872 alikuta mafuriko ya mto Ngerengere yamebomoa sehemu ya ukuta na nyumba nyingi. Stanley aliyaandika hayo kwa macho ya mpita njia. Riwaya inaweza kuyasimulia kwa macho ya mtoto aliyekuwa ndani ya ukuta.

Hata leo yako mambo ya kuandikia. Milima hii ni chanzo cha mto Ruvu unaoipatia Dar es Salaam maji, hivyo msitu ukikatwa juu, watu wa mbali huumia. Ardhi ya Waluguru kwa desturi hufuata ukoo wa mama, na mzozo wa shamba unaweza kumtoa kijana nyumbani. Mwanafunzi wa Matombo, Mgeta au Kinole anayekuta jina la mto wao kitabuni huingia katika kisa akiwa tayari anajua jambo ambalo msomaji mwingine halijui.