Kutoka ndege wa mgodini hadi pua ya nano

Habari ya familia iliyolala na jiko la mkaa ndani na kukutwa asubuhi imekufa hupewa aya nne gazetini, ukurasa wa ndani. Nimeziandika kadhaa. Ndipo nikaanza kujiuliza: hivi kunusa gesi ni kazi ngumu kiasi gani?

Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Miaka ya 1890, mwanasayansi wa Kiskoti John Scott Haldane alishauri wachimba makaa ya mawe washuke na panya au ndege mdogo. Kanari hupumua haraka, kwa hiyo sumu humwangusha kabla ya binadamu. Uingereza iliamua kuwastaafisha ndege hao mwishoni mwa 1986. Yaani Maradona ameshafunga bao la mkono, kanari bado yuko kazini!

Wajapani walikuwa mbali kitambo. Mwaka 1962 Tetsuro Seiyama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu walionyesha kwamba utando wa oksaidi ya zinki hubadilika katika kupitisha umeme ukikutana na gesi. Mwaka huohuo Naoyoshi Taguchi aliomba hataza ya kifaa cha oksaidi ya bati, maana gesi ya kupikia ilikuwa ikilipua nyumba za watu. Kasoro yake ni kwamba lazima kipashwe moto hadi nyuzi joto mia kadhaa. Hiyo inakula umeme, na jiko la mkaa mara nyingi liko palepale ambapo umeme haupo.

Januari 2000, kundi la Hongjie Dai wa Stanford, Marekani, lilitangaza mrija wa kaboni mwembamba kuliko unywele kwa maelfu ya mara. Atomu zake zote ziko nje, gesi inazigusa moja kwa moja. Nitrojeni dioksaidi, ile ya moshi wa magari, iliongeza umeme unaopita, amonia ikaupunguza. Ni sekunde hadi dakika chache tu, katika joto la kawaida la chumba. Ila mrija ukishanusa, kurudi hali yake huchukua saa nyingi. Mwaka 2007 watafiti wa Manchester wakakamata molekuli mojamoja kwa grafini.

Lakini jamani, mrija huo ukiwa mtupu hauihisi vizuri kaboni monoksaidi, gesi ileile ya jiko letu. Watafiti wamekuwa wakiupaka chembe za metali ili uihisi.