Chomeka, Chomoa

Barabara ya RN3 ya Burundi inapopita Gitaza, mlima uko upande mmoja na Ziwa Tanganyika upande wa pili. Mvua ikinyesha, tope hushuka. Mwaka 2015 maporomoko yalifika hadi barabarani. Magari ya Rumonge yaliyosheheni mawese na samaki wa mikeke hurushiwa matope ubavuni, na tope hilo hujificha nyuma ya ukanda wa plastiki wa mlangoni. Maji ya ziwa hili ni baridi, si ya chumvi, lakini bati lililochubuka halisubiri chumvi: unyevu na hewa vinatosha kulitia kutu.

Ukanda huo hushikwa na vidude vya plastiki ambavyo wengi huviita klipsi. Kamusini tuna kibanio, kishikizo na kifungo. Kibanio ndicho kinachonikera. Kubana ni kukaza kwa pande mbili, kama kibanio cha nguo kambani. Kidude hiki hakibani. Kina shina lenye mabawa: likisukumwa kwenye tundu la bati mabawa hunywea, na yakishapita hutanuka yakagoma kurudi. Basi hicho ni kichomeko. Anayelisikia jina hilo atauliza kinachomekwa wapi, na macho yatahamia kwenye tundu. Kutu huanzia hapo.

Kinyume cha kuchomeka ni kuchomoa, si kung'oa. Plastiki ikishakaushwa na jua, anayeng'oa kwa bisibisi huvunja shina na kuchuna rangi ukingoni mwa tundu. Anayechomoa hupenyeza kipande cha plastiki ngumu karibu kabisa na shina, akainua polepole. Kisha husafisha tundu. Akiona kutu huisugua kwa msasa hadi bati ling'ae, hupaka praima, halafu rangi, na kungoja ikauke. Kichomeko kipya kilingane na tundu: kikipwaya kitacheza na kukwangua rangi, kikizidi kitaingia kwa nguvu na kuichubua.

Wapo wanaopiga skrubu ya chuma badala yake. Skrubu haichomekwi, hukata. Meno yake huacha bati uchi mahali ambapo hakuna atakayepaona mpaka pameoza.

Kwa hiyo mwenye gari asiseme tu, "Niwekee klipsi." Aseme, "Fundi, chomoa, tibu tundu, ndipo uchomeke." Wanakamusi wakikikataa kichomeko, sitagombana nao: vitenzi hivyo vitatu tunavyo tayari, na kazi yote imo humo.