Uraia Haupimwi kwa Sikio: Somo la Maziwa Makuu kutoka Ilagala

Mahali ambapo Mto Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika, kusini mwa mji wa Kigoma, ndipo ilipo Ilagala, katika Wilaya ya Uvinza. Mto huo huo, kabla ya kuzunguka na kushuka ziwani, ndio mpaka wa Tanzania na Burundi kwa sehemu ya safari yake. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayesoma eneo la Maziwa Makuu, lugha zake na haki za binadamu, hana sababu ya kuanzia Geneva. Aanzie hapa. Hoja ya makala haya ni moja: katika mwambao huu lugha ya mtu imegeuzwa kuwa ushahidi juu ya uraia wake, na asiyezijua lugha hizi pamoja na historia yake hawezi kumtetea mtu huyo.

Tutazame kwanza lugha zenyewe. Mwaka 1948 Malcolm Guthrie wa Chuo Kikuu cha London alizipanga lugha za Kibantu kwa herufi na namba. Kinyarwanda kilipewa D61, Kirundi D62, Kiha D66 na Kivinza D67. Hizo ni ndugu wa nyumba moja; Mha wa Kasulu na Mrundi wa Makamba huelewana bila mkalimani. Kitongwe, lugha ya mwambao wa kusini kuelekea Mahale, kiliwekwa kwingine kabisa, F11. Ongeza Kibembe kilichovuka ziwa kutoka Kongo, na Kiswahili kilichofika Ujiji na misafara ya karne ya 19. Kwa hiyo Ilagala ni njia panda, na mtu wa huko kujua lugha tatu au nne si jambo la kushangaza.

Mipaka haikuzifuata lugha hizo. Hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, Rwanda, Burundi na Buha zote zilikuwa ndani ya koloni moja la Wajerumani. Mwaka 1916 Wabelgiji waliiteka Kigoma. Mapatano ya Milner na Orts ya mwaka 1919 yakawapa Wabelgiji Rwanda na Burundi, na Waingereza Tanganyika. Kigoma yenyewe ikakabidhiwa kwa Waingereza mwaka 1921. Jamaa waliolala chini ya bendera moja wakaamka chini ya mbili. Hakuna aliyewauliza wanazungumza nini nyumbani.

Elimu nayo haikuwa shahidi asiye na upande. Mwaka 1887 Berlin ilifungua Seminari ya Lugha za Mashariki, ambako maofisa waliokuja kututawala walifundishwa Kiswahili. Jarida la seminari hiyo ndilo lililochapisha, katika miaka ya 1902 na 1903, maisha ya Tippu Tip aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. London ilianzisha chuo chake cha mfano huo mwaka 1916. Tusidharau kazi hizo, maana bila hizo tungekosa maandishi mengi ya thamani. Lakini tukumbuke swali lililozizaa: watu hawa tutawatawalaje? Swali la haki zao halikuwamo katika mtaala.

Uhuru ulileta swali jipya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kwa kitivo kimoja, cha sheria. Miaka michache baadaye sheria hiyo ilijaribiwa na mkoa wa Kigoma. Mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi yaliwaleta wakimbizi kwa makumi ya maelfu. Wengi walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wengine walibaki vijijini Kigoma, wakalima na kuoa miongoni mwa watu waliosema lugha inayofanana na yao. Baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye Oktoba 1993, na baada ya vita vya Kongo vya mwaka 1996, wakaja wengine kwa miguu na kwa mitumbwi.

Afrika ilikuwa imejiandaa kisheria. Mkataba wa OAU wa mwaka 1969 ulipanua maana ya mkimbizi, ukamjumuisha anayekimbia vita na machafuko, si yule tu anayesakwa kwa imani au kabila lake. Na Tanzania ilifanya jambo ambalo nchi nyingi tajiri hazijalithubutu: iliwapa uraia Warundi wapatao 162,000 wa mwaka 1972. Hata hivyo zoezi hilo lilianza na wakazi wa yale makazi matatu. Waliojichanganya vijijini Kigoma hawakuwamo katika kundi la kwanza. Aliyeishi katika makazi ya serikali alikuwa na karatasi. Aliyeishi na ndugu wa lugha moja hakuwa nayo.

Hapo ndipo hatari ilipo, na haimgusi mkimbizi peke yake. Ikiwa Kiha na Kirundi ni ndugu, basi lafudhi haiwezi kumtenga raia na mgeni. Mha aliyezaliwa Tanzania, kama wazazi wake na babu zake, anaweza kushukiwa kwa sababu ya namna anavyotamka neno moja. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iligusa suala la uraia Machi 2018 katika kesi ya Anudo dhidi ya Tanzania, iliyotokea mbali na Kigoma. Ilisema kwamba mtu akiwa na hati zilizotolewa na dola yenyewe, ni dola inayopaswa kuthibitisha kuwa si raia. Mzigo usitupwe begani mwa mnyonge.

Je, chuo kikuu kifanye nini? Mwanasheria wa wakimbizi asihitimu bila kujifunza walau lugha moja ya ukanda huu, maana maelezo ya mkimbizi yakitafsiriwa vibaya, ombi lake linaweza kukataliwa. Mwanaisimu naye asihitimu bila kusoma sheria ya uraia, maana ramani yake ya lugha inaweza kutumiwa kama ramani ya mataifa. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Ni hatua kubwa, lakini bibi wa Ilagala anayejieleza vizuri kwa Kiha au Kitongwe tu bado anahitaji mkalimani mwenye ujuzi.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, nasema hivi: mtu akiketi mbele ya meza yako na lafudhi yake ikakutia shaka, kumbuka kuwa lugha yake ilikuwapo kabla ya mpaka. Uliza hati, uliza mashahidi, uliza historia ya familia. Sikio lako halitoshi kumnyang'anya mtu nchi yake.